Kamera ya kukagua mabomba ya majitaka: hela yake inarudi

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko Upanga, Kisutu na Kariakoo hapa Dar es Salaam, kwenye majengo ya zamani yaliyounganishwa na mfumo wa majitaka. Kamera hii niliinunua kwenye duka la mtaa wa Gerezani kwa zaidi ya milioni moja, na mafundi wenzangu wananiuliza kila mara kama hela hiyo inarudi. Inarudi.

Ni waya mgumu wa mita 30 uliozungushwa kwenye gurudumu. Mbele una kichwa cha milimita 23 chenye taa, na kwenye boksi kuna skrini ya inchi 7 inayorekodi kwenye memori kadi. Unafungua chemba, unasukuma waya, skrini inakwambia umefika mita ya ngapi. Hiyo namba ya mita ndiyo niliyolipia. Zamani choo kikirudisha maji tulikuwa tunakisia, tunang'oa pevingi kutoka chemba mpaka ukutani, halafu tatizo linakutwa kwingine kabisa. Sasa nachimba shimo moja.

Kuna ghorofa moja Upanga, choo cha chini kilikuwa kikizibuliwa leo, baada ya muda mfupi kimeziba tena. Nikaingiza kamera. Kwenye mita ya tisa, penye maungio ya bomba la zamani la saruji, mizizi myembamba kama nywele ilikuwa imejaza bomba, na mafuta ya jikoni yameganda juu yake. Mwarobaini wa getini ndio ulikuwa umepenya. Mama mwenye nyumba akainama kwenye skrini: "Fundi, kumbe huu ndio unaonimaliza?" Fimbo za kuzibulia na maji ya presha hukata mizizi tu, ufa unabaki pale pale. Tulikata kipande kile tukaweka plastiki ya inchi 4.

Kitu kingine inachokifichua ni maji ya mvua. Nimekuta majengo ambayo bomba la paani limeingizwa kwenye chemba ya majitaka. Mfumo ule haukujengwa kubeba masika. Mvua ikikolea mifuniko inanyanyuka, kinyesi kinatapakaa njiani, na watoto wa shule wanapita humo humo. Linaniuma sana hili. Nikikuta uunganishaji wa namna hiyo namwambia mwenye jengo palepale na kumwachia video yake. Video hiyo hiyo inasaidia kukiwa na ubishi wa tatizo liko ndani ya kiwanja au kwenye bomba la barabarani, ambalo ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, na sisi mafundi wa mtaani hatuligusi.

Halafu kuna usalama. Gesi ya kwenye chemba inaua, na kijana anayeruka kwenda kumwokoa mwenzake anafia humo humo. Kwa kamera, wakati wa kukagua hakuna mtu anayeshuka. Hata ingekuwa na faida hii peke yake, ningeinunua.

Upungufu upo. Picha haijinyooshi yenyewe, inazunguka na waya, kwa hiyo uangalie maji yamelalia upande gani ndipo ujue chini ni wapi. Lenzi ikishika mafuta huoni kitu, lazima mtu amwage ndoo ya maji juu wewe ukiwa unasukuma. Bomba likiwa limejaa ni kazi bure, linyonywe kwanza. Kwenye kona kali za inchi 2 usilazimishe, waya utavunjikia ndani. Na kwa maji safi haifai, maana bomba la nusu inchi halipitishi kichwa hicho. Huko funga koki zote uangalie kigurudumu cha mita ya maji. Kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja.

Ukienda kununua, kunjua waya wote dukani, hata muuzaji akinuna, uangalie kama kuna mahali umekunjika. Ukiweza ongeza hela uchukue yenye kitoa mawimbi cha hezi 512 kwenye kichwa, pamoja na kipokezi chake, upate sehemu ya kuchimba ukiwa juu ya ardhi. Yangu haina, napima kwa futikamba, na bomba likiwa na kona nyingi napishana na tatizo kwa hatua kadhaa. Ulizia pia spea ya kioo cha mbele kabla hujalipa. Changu kimeshakwaruzwa na mchanga, na duka nililonunulia hawanacho.