Sugu za miguuni: nini ununue kwanza na nini uache dukani

Ukienda duka la dawa ukasema una sugu, mara nyingi utapewa kitu cha kuondoa ngozi, iwe plasta, jiwe au krimu, na ukitumia kweli inapungua, afu baada ya wiki kadhaa imerudi palepale. Sababu ni kwamba sugu sio uchafu wala haiambukizi, ni ngozi inajilinda tu, yaani pale inapobanwa au kusuguliwa kila siku inaongeza tabaka juu ya tabaka, na usipoondoa kinachobana itaendelea kuongeza. Ndo maana orodha yangu inaanza na vitu vya kuondoa mbano, vya kuondoa ngozi vinakuja nyuma.

Kwanza jua unatibu nini. Sugu ya kawaida ni pana, ya njano njano, inakaa kisiginoni au unyayoni nyuma ya vidole na mara nyingi haiumi sana. Yenye kiini ni ndogo, ya duara, katikati kuna kitu kigumu kinachoelekea ndani, ukiibonyeza kwa juu inachoma kweli kweli, na inapenda kukaa juu ya vidole au pembeni ya kidole cha mwisho. Ipo na ingine laini, nyeupe, inajificha katikati ya vidole, hiyo jasho ndo linailainisha. Sasa usichanganye na chunjua la unyayoni, lile linaletwa na kirusi na matibabu yake ni habari ingine: linauma ukilibana kwa pembeni, michirizi ya ngozi haipiti juu yake na mara nyingi lina vidoti vyeusi.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Kama una kisukari, damu haifiki vizuri miguuni, au miguu ina ganzi, usinunue dawa yoyote ya kuunguza sugu wala kifaa cha kukata, nenda uonwe na mtaalamu. Kidonda kidogo usichokisikia kinaweza kukugharimu mguu.

Namba 1 ni kiatu. Najua hukuja hapa kununua kiatu lakini ndo hela itakayofanya kazi kuliko zote. Fanya hivi: simama pekupeku juu ya karatasi, chora mguu kwa kalamu, afu weka kiatu chako juu ya mchoro. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro pale kwenye vidole, basi ushajua sugu inatoka wapi. Unapoenda kununua nenda jioni maana miguu huvimba mchana kutwa, jaribu ukiwa umesimama, ufuate mguu mkubwa (karibu kila mtu ana mmoja mkubwa kidogo), na mbele ya kidole kirefu ibaki kama sentimita 1. Ingiza na mkono ndani upapase, mshono mmoja uliojitokeza unatosha kukuotesha sugu. Visigino virefu vinasukuma uzito mwingi mbele, na kiatu kikubwa mno nacho ni tatizo, mguu unateleza na kusuguana humo ndani. Soksi zenye unene wa wastani zinasaidia.

Namba 2, vikinga vya jeli na pedi, hasa kama yako ina kiini. Vya jeli vinavyovaliwa kidoleni ndo navipenda zaidi, vinaoshwa vinatumika tena. Pedi za duara zina tundu katikati, kiini kikae ndani ya tundu ili uzito ubebwe na ngozi ya pembeni, na wengi wanabandika pedi isiyo na tundu juu ya kiini chenyewe, hiyo inazidisha kubana. Kwa ile laini ya katikati ya vidole tafuta kitenganisha vidole, na ukaushe vizuri kila ukioga. Ila vyote hivi vinakula nafasi, kiatu kikiwa kimebana tayari utaumia zaidi, kwa hiyo rudi namba 1.

Namba 3 ni jiwe la kusugulia magaga pamoja na krimu yenye urea (kiungo kinacholainisha ngozi ngumu), na ninaviweka pamoja makusudi maana kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10, sugua taratibu, acha mapema kabla ngozi haijawa nyekundu, maana ukisugua mpaka chini unaiumiza na inarudi nene zaidi. Kausha, paka krimu. Kwenye lebo tafuta asilimia ya urea: 10 inatosha kwa ngozi kavu tu, 20 mpaka 25 ndo ya sugu, 40 ni kali, paka penye sugu peke yake. Lebo isiposema asilimia mi naiacha dukani. Jiwe lioshe likauke, na kila mtu awe na lake.

Insoli laini, yaani pedi za kutandika ndani ya kiatu, nazipa namba 4, zinafaa kwa sugu za unyayoni, kwa za vidoleni hazisaidii kitu.

Namba 5, plasta na dawa za maji za asidi ya salisiliki, ndo zile za kuunguza sugu. Zinafanya kazi, plasta huwa na mpaka asilimia 40, lakini asidi haijui sugu ni ipi na ngozi nzima ni ipi. Kata plasta ilingane na sugu yenyewe, isizidi, paka mafuta ya mgando kuzunguka, badilisha kila baada ya saa 48 na usipitishe siku 14. Ngozi ikigeuka nyeupe hiyo ni kawaida, ikichubuka au kutoa maji acha hapo hapo. Katikati ya vidole usiweke kabisa, unyevu unaisambaza.

Mashine za umeme za kusugua zinafanya kazi ya jiwe kwa haraka na ni rahisi kupitiliza, nunua tu kama kuinama kunakushinda. Soksi za kuchuna ngozi, zile zenye dawa ndani ya kubandua ngozi, zinachuna mguu mzima hata pasipo na sugu, na kiini haziking'oi.

Mwisho kabisa, vikwanguo vyenye wembe, hivyo usinunue hata vikiwa bei ya bure. Sugu ikihitaji kukatwa mpe daktari wa miguu, anaiparua kwa kisu safi kwa dakika chache na kwa kawaida haiumi maana ni ngozi iliyokufa. Na ukiona wekundu, usaha, au maumivu yanakuzuia kutembea, nenda kwake bila kupitia dukani.