Mipangilio ya skrini ya Windows 11: imeiva, ila mengi yamefichwa

Kwa mwenye kompyuta ya mezani na skrini moja, ukurasa wa Display wa Windows 11 hauna la ajabu. Ubora wake unaonekana ukiunganisha skrini ya pili: hapo toleo hili, lililotoka Oktoba 2021, limeliacha mbali lile lililotangulia. Kasoro yake ni namna ukurasa ulivyopangwa. Kile ambacho wengi hukimbilia kukigusa ndicho kisichotakiwa kuguswa, na kinachohitaji kuguswa kimesukumwa chini.

Kufika hapo ni rahisi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneokazi, kisha chagua Display settings.

Kisichotakiwa kuguswa ni resolusheni, yaani idadi ya pikseli (nukta) zinazounda picha. Herufi zikiwa ndogo, watu huishusha ili zikue. Zinakua kweli, lakini zinaingia ukungu, kwa sababu kioo cha skrini bapa kina idadi ya pikseli isiyobadilika. Ukiiagiza skrini ya 3840 × 2160 ionyeshe 2560 × 1440, kila pikseli ya picha inapaswa kuenea juu ya pikseli moja na nusu za kioo kwa upana na kwa urefu, na kingo za herufi ndizo zinazoharibika. Iache kwenye thamani iliyoandikwa Recommended, halafu pandisha Scale, yaani ukubwa wa herufi na vitufe. Skrini hiyo hiyo ikiwekwa asilimia 150 inakupa nafasi ya kazi sawa na 2560 × 1440, na herufi zinabaki safi. Kwa 4K (yaani 3840 × 2160) ya inchi 27, hiyo 150 ndiyo tunayoipendekeza. Kwa inchi 24 ya 1920 × 1080, baki na 100: ukipanda 125 nafasi inashuka hadi 1536 × 864, na jedwali pana halitakaa lote mbele ya macho. Kipo pia kisanduku cha kuandika asilimia yako mwenyewe, kuanzia 100 hadi 500. Kikwepe. Thamani unayoandika humo inapachikwa kwenye skrini zote kwa pamoja, na haianzi kufanya kazi mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Sasa lililofichwa: kasi ya kuonyesha picha upya, inayohesabiwa kwa Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde. Shuka hadi Advanced display, chagua skrini juu, kisha tazama orodha ya Refresh rate. Skrini nyingi za Hz 144 zinatumika miaka kwa Hz 60 kwa sababu tu hakuna aliyefika hapa chini. Kama thamani unayoitaka haimo kwenye orodha, mara nyingi wa kulaumiwa ni kebo au tundu lake. Kati ya aina za muunganisho wa skrini, HDMI 1.4 inapeleka picha ya 4K kwa Hz 30 tu, na kipanya kinaonekana kinaburuza mguu; HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 zinafika Hz 60. Na kabla ya kununua kebo mpya, chungulia nyuma ya kasha. Ikiwa kompyuta ina kadi ya grafiki ya kujitegemea, kebo ichomekwe kwenye matundu ya kadi hiyo. Ikichomekwa kwenye tundu la ubao mama, ama hupati picha kabisa, ama picha inatoka kwenye chipu ya ndani huku kadi uliyoigharimia imekaa bure.

Sehemu inayostahili sifa ni upangaji wa skrini. Juu ya ukurasa kuna visanduku vyenye namba 1 na 2. Bonyeza Identify ili kila skrini ionyeshe namba yake, kisha buruta visanduku vikae kama skrini zilivyo mezani. Usiishie kulia na kushoto, angalia na urefu. Windows hupima visanduku kwa pikseli, si kwa inchi, kwa hiyo 4K ikiwekwa kando ya 1920 × 1080 inaonekana ndefu mara mbili, hata kama mezani zinalingana. Kishale kinapita pale tu kingo zinapogusana. Kwingine kinagonga ukuta, na mtu anadhani kipanya kimeharibika. Pangilia kingo za chini au za katikati, kulingana na mahali macho yanapopita zaidi. Chini ya Multiple displays kuna pia swichi ya kurahisisha mwendo wa kishale kati ya skrini: ikiwashwa, kishale kinavuka hata pale kingo zisipopakana. Iwashe, isipokuwa una mazoea ya kusukuma kishale kwenye kona ili kufunga dirisha.

Papo hapo kuna visanduku viwili ambavyo peke yake vinatosha kumshawishi mtu kuhamia toleo hili. Kimoja kinakumbuka kila dirisha lilikuwa wapi kwa kila mpangilio wa skrini, kingine kinashusha madirisha ya skrini iliyochomolewa hadi kwenye upau wa kazi (taskbar). Zamani skrini ya DisplayPort ikizimwa, kompyuta iliiona kama imechomolewa, na madirisha yote yakarundikana kwenye ile iliyobaki. Siku hizi skrini ikirudi, madirisha yanarudi mahali pake. Likibaki moja limepotelea nje ya kioo, lichague kwenye upau wa kazi, bonyeza Windows + Shift + mshale wa kulia au kushoto, litahamia skrini nyingine.

Windows + P inabadili namna ya kutumia skrini: kunakili, kupanua, au kubaki na moja. Kunakili tumia kwa projekta tu, maana kunazishusha zote hadi resolusheni ambayo kila moja inaiweza.

Kwa kugawa madirisha, Windows + Z inafungua michoro ya mgawanyo, na inatosha kwa skrini ya kawaida. Mwenye skrini pana sana ataiona finyu. Asakinishe PowerToys, ya bure kutoka Microsoft wenyewe, atumie FancyZones kuchora vyumba vyake, kila skrini na mgawanyo wake. Unashika Shift huku ukiburuta dirisha, nalo linanasa chumbani.

Upau wa kazi ndio uliotuudhi. Windows 10 iliruhusu kuusogeza kando au juu. Toleo la 11 lilitoka bila uhuru huo, na kwenye skrini pana upande ndiko kwenye nafasi ya kupoteza. Hata saa kwenye skrini ya pili iliondolewa, ikarudishwa 2022.

Programu kongwe zikionekana na ukungu kwenye skrini moja tu, ni kwa sababu zinachorwa kwa asilimia ya skrini kuu kisha zinavutwa. Bofya kulia faili la programu, ingia Properties, kisha Compatibility, kisha Change high DPI settings. Weka alama kwenye kisanduku cha chini na uchague System (Enhanced). Vitufe vikivurugika, jaribu Application. Ikishindikana zote mbili, ihamishie programu hiyo kwenye skrini kuu ukaiache huko.

Ukibadilisha thamani na skrini ikawa nyeusi, usiguse kitu: baada ya sekunde 15 bila kuthibitisha, Windows inarudisha mpangilio wa awali. Skrini ikiganda bila wewe kubadili chochote, bonyeza Windows + Ctrl + Shift + B kwa pamoja. Ukisikia mlio mfupi na kioo kikameta, draiva ya grafiki (programu inayoendesha kadi) imeanza upya, na madirisha uliyoyafungua yatakuwa bado yapo.