Drosera ya Afrika Kusini au kisanduku cha mbegu? Tazama kabla hujatoa hela

Haya wadau, karibuni tena. Mezani leo kuna vitu viwili. Huku kushoto ni kile kisanduku cha "panda mwenyewe mmea unaokula wadudu", chenye picha ya mdomo mwekundu wenye meno. Huku kulia ni mche uliokwisha kukua wa Drosera capensis, nao unakula wadudu, kwao ni Rasi ya Afrika Kusini. Mwenye haraka nampa jibu sasa hivi aende zake: chukua mche, kisanduku kiache hapohapo rafuni.

Tukifungue basi. Ndani kuna vidonge vya piti iliyokaushwa, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi iliyooza nusu, kikopo cha plastiki na mfuniko wake, kikaratasi cha maelekezo, na mbegu. Hiyo ya pichani ni Venus, ile inayofumba mdomo inzi akiingia. Mbegu za Venus zinatakiwa zihifadhiwe kwenye ubaridi ili zisife, na hizi zimekaa dukani kwenye joto, tena pakiti haina tarehe. Haya, tuseme zimeota. Venus ya mbegu huchukua kama miaka mitatu hadi mitano kufikia ukubwa huo wa kwenye boksi. Umemnunulia mtoto yuko darasa la pili, ataifaidi akiwa anajiandaa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Halafu Venus asili yake ni eneo dogo tu la North Carolina na South Carolina, Marekani, karibu na mji wa Wilmington. Kule kuna baridi ya kweli, na mmea unalala miezi mitatu minne kila mwaka. Hapa Arusha mwezi wa saba tunavaa masweta, lakini baridi yetu haitoshi kuulaza vizuri. Dar ndiyo usiseme.

Sasa njoo huku kulia. Ngoja nisogeze kamera. Unaona jani? Refu, jembamba, limejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone kichwani. Watu wanadhani nimepuliza maji. Siyo maji, ni ute. Huyu hapa kijidudu kimoja cheusi, hawa wanaorukaruka kwenye udongo wa vyungu, ametua. Anainua mguu, tazama uzi wa ute unavyovutika. Anautua ule mguu, na wa pili umenasa. Kadiri anavyojitutumua ndivyo vinywele vya jirani vinavyomwinamia, na ule ute unamziba matundu ya kupumulia. Ukirudi baada ya kama nusu saa, jani lenyewe limeanza kujikunja juu yake. Baada ya hapo vinatoka vimeng'enya, anayeyushwa, anabaki ganda.

Mbona mmea unahangaika hivyo kukamata wadudu? Kwa sababu kwao ni udongo wa majimaji usio na chakula. Nitrojeni inaipata kwa wadudu, na mizizi yake haijazoea mbolea wala chumvichumvi. Ndiyo maana kile kikaratasi cha kwenye kisanduku kimeniudhi. Kimeandika "mwagilia maji kiasi". Maji gani? Kimya. Na hapo ndipo wengi wanaua huu mmea.

Maji yetu ya Arusha mnayajua, yana floridi mpaka meno yanabadilika rangi. Hiki kijikalamu ni kipimo cha TDS, yaani madini na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, wanatembea nacho mafundi wa mashine za kuchuja maji. Nachovya kwenye ya bomba: imepita 300. Sisi tunatafuta chini ya 50. Nachovya kwenye ya mvua: tazama, hata 20 haifiki. Ukiniuliza kitu cha kwanza kununua kabla hata ya mmea, ni hiki kijikalamu.

Kuchemsha hakusaidii, mvuke unaondoka na madini yanabaki. Filta ya mshumaa nayo inazuia uchafu na vijidudu, madini yanapita. Maji ya chupa ya kunywa mengi yana madini, soma lebo. Maji ya mashine ya RO, ile inayochuja mpaka madini, ni sawa, ila muulize muuzaji kama anarudishia madini mwishoni. Na yapo maji ya betri pale kituo cha mafuta, yale yaliyotoneshwa ya kuongezea. Uwe makini, kuna maduka yanaita "maji ya betri" mpaka asidi yenyewe, na chupa zinafanana. Soma kilichoandikwa, usimsikilize tu kijana wa pampu.

Udongo, kwa haraka: piti na perlaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya kulegeza udongo) nusu kwa nusu, basi. Piti za maduka ya pembejeo nyingi zimeshachanganywa na mbolea, hiyo hapana. Mchanga wa pwani wenye chokaa ya matumbawe pia hapana. Weka chungu kwenye sahani yenye maji ya sentimita moja au mbili, mahali panapopata jua kwa muda wa saa nne hivi au zaidi kwa siku. Yale matone ya ute yakikauka wiki ya kwanza usipaniki, mmea umechoka safari, majani mapya yatakuja nayo.

Mnaniuliza sana kama itamaliza mbu ndani. Haimalizi. Lala kwenye chandarua.

Kasoro yake? Mbegu. Inatoa maua ya rangi ya waridi, inajichavusha yenyewe, na mbegu laini kama vumbi zinadondokea kila chungu cha jirani. Usipokata shina la maua utakuwa na drosera hadi kwenye okidi.

Ukishaizoea hii ndiyo uende kwenye za ajabu. Drosera binata ina majani yanayogawanyika kama panda. Drosera adelae ya Queensland, Australia, haihitaji jua kali, inafaa chumbani. Drosera burmannii nayo vinywele vyake vinapinda kwa sekunde chache, ukikaa makini unaona kwa macho. Na ipo Drosera madagascariensis, inaota yenyewe kwenye maeneo ya majimaji Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Hiyo ukikutana nayo piga picha, iache ilipo. Ya kuotesha nunua kwa mtu anayezizalisha. Na ukiagiza mmea nje ya nchi, uliza kibali kwanza kwenye mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, maana bila cheti cha afya ya mimea utazuiwa mpakani.

Mlioko Dar nina swali. Yale maji yanayodondoka kwenye AC yana madini kidogo, ila yanaweza kubeba metali na uchafu wa ndani ya mashine, kwa hiyo mimi sijayapa alama bado. Mwenye kipimo ayapime, aniandikie namba hapo chini pamoja na umri wa AC yake.