Sofa za Nje: Kabla Hujalipa, Geuza Kiti Miguu Juu!

Haya watu wangu, karibuni. Viti vinne, meza ya kioo, rangi mnaiona wenyewe, vipimo vipo kwenye maelezo hapo chini. Mimi leo nina ugomvi na kitu kimoja tu. Kamera sogea. Sogea bwana, hakiumi!

Nakigeuza hivi. Mnaziona hizi kofia za mpira miguuni? Dukani watakwambia ni za kulinda vigae. Sasa nyamazeni kidogo, natikisa... Mmesikia? Maji hayo! Mvua inaingilia huku juu kwenye matundu ya skrubu, inateremka ndani ya bomba, ikifika chini inakuta kofia imeziba. Ngoja nichomoe... imeng'ang'ania hii... haya! Oneni rangi, kama chai ya rangi. Kutu hiyo. Nje plastiki iliyosukwa inang'aa, ndani mguu unaliwa. Na huku kwetu Kigamboni, na huu upepo wa chumvi, ndio kabisa.

Dawa yake chukua drili, toboa tundu dogo katikati ya kila kofia, maji yapate pa kutokea. Na muuzaji akikuapia fremu ni aluminiamu, toa sumaku mfukoni. Ikinasa, hicho ni chuma, msibishane.

Halafu kuna wenzangu wanachambua viti vya nje wakiwa ndani, kiyoyozi kinapuliza, mito bado ina nailoni. Jamani! Kitoe juani basi.

Bei? Laki tisa. Kwa hela hiyo mimi ningeenda kwa fundi anichongee benchi la msaji, yaani mtiki, hii misaji yetu ya Longuza kule Muheza, au Mtibwa. Msaji una mafuta yake ndani, mchwa hawaupendi. Ukikaa juani unageuka kijivu, msishtuke, haujaoza. Ila msipake vanishi ya ndani, jua litaibandua magamba magamba. Piga msasa, paka mafuta ya mbao kabla ya masika, basi.

Tatizo uzito. Kulihamisha benchi kufuata kivuli lazima uite jirani. Viti hivi hata mtoto anabeba. Na vinakalika, nisiwe mnafiki, mgongo unatulia kweli. Eh, hapo vimenishinda.

Kabla sijasahau, video sasa zinatoka Alhamisi jioni, si Jumamosi tena. Mpiga picha wangu ameoa, wikiendi hapatikani. Mpeni hongera kwenye maoni, na kengele mbonyeze.

Mito usiilaze kwenye kiti baada ya mvua. Isimamishe wima, zipu iangalie chini, maji yachuruzike, la sivyo sponji itanuka uvundo.

Kuna aliyeuliza kama navirudisha dukani. Nimeshavitoboa miguu yote, nani atavipokea?