GY-271: kaskazini inaijua vizuri, kuinama haijui kabisa

Hii GY-271 kama hujaiona ni kibati kidogo cha bluu chenye sensa ya sumaku, bei yake poa sana, unaunga nyaya nne kwenye Arduino (kibao kidogo cha kompyuta unachokiprogramu mwenyewe) na dira unayo. Nimeifunga kwenye mashua hapa Dar, na kwa kuonyesha upande naipa nyota nne. Kwa kupima kuinama siipi hata moja, na hapo ndo wengi wanapigwa jamani.

Kwanza angalia chipu. Pakti nyingi zinaandikwa HMC5883L, ile ya Honeywell, lakini ile ilishaachwa kutengenezwa, kwa hiyo ndani mara nyingi unakuta QMC5883L. Sio mbovu, ni chipu nyingine tu na laibrari yake (kodi ya kuisoma) ni nyingine. Skani I2C, yaani zile nyaya mbili Arduino inazoongelea na sensa, ikijibu kwa anwani 0x1E ni HMC, ikijibu 0x0D ni QMC. Duka nililonunua pakti inasema HMC na ndani ni QMC, muuzaji mwenyewe hana habari, hii inakera kwa kweli.

Pa kuifunga pia pana maneno. Karibu na nyaya za betri namba zinaruka kila taa ikiwashwa, nikaipandisha juu mlingotini mbali na injini ikatulia. Ukishaifunga hapo hapo ndo uizungushe duara zima na mashua yake, chukua namba kubwa na ndogo ya kila mhimili wa sensa (X na Y), katikati yake unaitoa kwenye hesabu, bila hivyo chuma cha jirani kinakudanganya kila siku.

Sasa kuinama. Sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi, huku Dar inaelekea juu kwa zaidi ya digrii 30, kwa hiyo wimbi likiilaza mashua digrii 10 tu dira inaweza kupotea digrii 6 au 7 na mashua haijageuka hata kidogo! Sensa ya sumaku peke yake haina namna ya kujua chini ni wapi, lazima iwe na akselerometa inayosikia mvutano wa dunia, ndo programu inyooshe hesabu. Ongezea MPU-6050 yenye akselerometa, au chukua LSM303 yenye akselerometa na sensa ya sumaku zote mbili ndani. Ya meza iliyotulia, GY-271 inatosha. Ya majini ongezeni hela kidogo, msiende na hii peke yake.