Erhu yangu naipenda, aliyeniuzia ndiye tatizo

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Tangu nije Nanjing, China, kusoma, hakuna ala iliyonigusa kama erhu, zeze la Kichina. Sisi tuliokua na zeze la Wagogo masikioni tunaielewa upesi: nyuzi mbili, kisanduku kidogo chenye ngozi ya chatu, na vidole vinabonyeza uzi hewani, hakuna ubao chini yake. Upinde wake hauondoki. Singa za farasi zimepita katikati ya nyuzi, ukizivutia kwako unalia uzi mnene, ukizisukuma mbele unalia mwembamba.

Niliinunua Suzhou, mji unaosifika kwa kuzitengeneza. Mwanzoni sikuwa na neno. Zikaja zile mvua za mwanzo wa kiangazi, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba hazikauki, na erhu ikaanza kuongea kama mtu mwenye mafua. Noti za juu zikawa zinakoroma. Nikapanda treni nikairudisha.

Muuzaji hata kasha hakulifungua. Aliendelea na chai yake, akamgeukia mwenzake akasema kwa Kichina, “Hawa hupiga kila kitu kama ngoma.” Alidhani sielewi. Miaka yote hii nafanya mitihani kwa lugha hiyohiyo! Nilimjibu kwa Kichina kwamba ngozi imelegea, naomba aiangalie. Akasema nimeiharibu mwenyewe, basi. Abing, yule kipofu aliyepiga erhu mitaani Wuxi na ambaye leo China nzima inamjua, angeingia pale na nguo zake chakavu angefukuzwa vilevile.

Msinunue pale. Hata erhu yenyewe nilianza kuona ni pesa iliyopotea.

Ila asubuhi moja nilimwonyesha mzee mmoja anayepiga kando ya ziwa Xuanwu. Aliibonyeza ngozi kwa kidole gumba, taratibu, kama anapapasa tumbo la mtoto. Akatoa kile kitambaa chini ya daraja, yaani kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, akaweka kingine kinene zaidi. Kisha akachukua kipande cha penseli akakipachika chini ya nyuzi, juu kidogo ya daraja: “Ukimaliza kupiga weka hivi, mjukuu, ngozi ipumzike.” Unyevu unailegeza, nyuzi zinaikandamiza usiku kucha, lazima izame. Siku chache baadaye sauti ilirudi, tena tamu kuliko siku ya kwanza.

Kumbe ala haikuwa na kosa lolote. Ni penseli tu! Mtu aliyechukua pesa yangu alishindwa nini kuniambia?

Kwa hiyo erhu nunueni, hata ya Suzhou. Pale dukani mimi sirudi. Au nitarudi mara moja, maana hati ya kuthibitisha kwamba ngozi ya chatu ni halali, aliyoniahidi, hajanipa, na bila hiyo forodha wanaweza kuninyang'anya nikirudi nyumbani. Safari hii nitaongea Kichina tangu mlangoni.