Themostati ya waifai: jioni tatu za kuhangaika, kumbe mchawi alikuwa ndani ya nyumba

Naanza na sababu ya kununua maana bila hiyo hamtanielewa. Tunaishi Minnesota, huku Januari nje inafika hata 15 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani kama 26 chini ya sifuri kwa vipimo vya nyumbani, na mama mkwe alikuja toka Tanga mwezi wa kumi na moja kumsaidia mke wangu na mtoto mchanga. Mtu ambaye baridi kali anayoijua ni ya Lushoto. Mi nafanya shifti za usiku, nikirudi asubuhi nakuta themostati, kile kidude cha ukutani cha kupanga joto la nyumba, imepandishwa mpaka 80 za Fahrenheit, ndani moto kama jikoni siku ya shughuli, mwenyewe kajifunga kanga juu ya sweta na miguu kaiweka juu ya tundu la hewa ya moto. Sa mkwe utamwambiaje "mama usiguse"? Namwambia mke wangu akaongee naye, ananiambia we si ndo unalipa bili, kaongee wewe. Bili ya gesi ikaja, nikaona bora ninunue hizi za kisasa niwe naishusha na simu nikiwa kazini, bila kukosana na mtu.

Nilipata ya punguzo wiki ile ya sikukuu ya Thanksgiving, dola mia na kidogo, na kampuni ya gesi ikanirudishia 50 kwa kutuma risiti tu. Hiyo ya kurudishiwa hela ulizeni kwenu kabla hamjanunua, watu wengi hawajui ipo.

Boksi limeandikwa dakika 30. Haya.

Jioni ya kwanza kufungua ya zamani haikunisumbua. Nilizima hita kwenye breka, nikabandua ile ya ukutani, nikapiga picha ya waya kabla ya kugusa chochote (hii msiruke jamani, ile picha iliniokoa mara mbili). Waya zangu zilikuwa nne, kwenye R, W, Y na G. R ndo inayoleta umeme, W inaita joto, Y ya AC ya kiangazi, G ya feni. Fuateni herufi, rangi msiiamini sana, fundi aliyejenga nyumba anaweza kuwa alitumia waya wowote uliokuwa karibu. Ya C, ile inayofanya kifaa kipate umeme muda wote, sikuwa nayo, ila maelekezo yakasema si lazima, ina betri ndani. Nikachomeka nne zangu, nikabonyeza, ikawaka, nikaona nimemaliza.

Ikaja kwenye waifai sasa. Kwanza programu ya simu ikataka ruhusa ya blutuuth na ya kujua nilipo, nikakataa, nikasema hawa wanataka kujua nilipo ili iweje, ikagoma kabisa kuendelea mpaka nikakubali. Sawa. Ikaanza kutafuta mitandao, ikaleta waifai ya jirani wa kulia, wa kushoto, hadi ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, yangu haipo! Na ruta iko sebuleni, hatua kumi, simu yangu imeshika mtandao huohuo umejaa vizuri kabisa. Nikazima ruta nikawasha, nikairiseti themostati mara mbili, ukifanya hivyo unaanza upya kila kitu, lugha, anwani, aina ya hita. Saa nne usiku nikaacha, nikaenda kazini nimenuna.

Jioni ya pili nikawasiliana na huduma kwa wateja kwa chati, dakika 40. Yule bwana, kama ni bwana na si roboti, kaniambia hakikisha pasiwedi, zima ruta washa, hakikisha pasiwedi. Namwambia ndugu pasiwedi sijafikia, mtandao wenyewe hauonekani, anajibu ninaelewa inavyokukera, tafadhali hakikisha pasiwedi. Hapo ndo nyota moja ilipoondokea.

Mwisho nikamuita kijana wangu, ana miaka 16, kaja na hedifoni shingoni, kaangalia sekunde tano. "Baba, hii si inatumia 2.4? Ile niliizima." Umeizima?! "Ilikuwa inanikwamisha kwenye gemu, simu na PlayStation zinarukia huko. Nikaacha 5 peke yake."

Kwa wasiojua kama mimi: ruta za sasa nyingi zinatoa mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 5 ina kasi ila haifiki mbali, ya 2.4 iko taratibu ila inapenya kuta vizuri, na hivi vidude vya nyumbani vingi, taa, kamera, themostati, vinaijua 2.4 tu. Simu inazijua zote mbili ndo maana mi nilikuwa naona mtandao uko fresh. Kijana akaingia kwenye mipangilio ya ruta akaiwasha, akaipa jina la peke yake ili gemu yake isirukie huko, akaweka ulinzi wa waifai wa aina ya WPA2 maana anasema vingine WPA3, ile mpya zaidi, vinaikataa. Dakika tatu ikashika. Siku mbili nzima nimehangaika na mchawi nakula naye meza moja.

Ingeishia hapo nisingelalamika tena. Wiki ya pili baridi ikakaza, usiku niko kazini nafungua simu, imeandika haiko mtandaoni. Nikirudi iko sawa. Kesho yake tena. Nikadhani ruta, nikamsema kijana bure. Kumbe ni umeme. Ikikosa waya wa C inakuwa inadokoa umeme kidogo kidogo kwenye zile waya nyingine kama mtoto anavyodokoa nyama chunguni, na baridi ikiwa kali hita inawaka karibu muda wote, inakosa nafasi ya kudokoa, betri inashuka, na kitu cha kwanza kuzimwa ili kubana umeme ni waifai. Nikaangalia kwenye mipangilio betri iko chini kweli.

Nikaibandua tena, nikavuta ule mkungu wa waya ukutani taratibu, na nyuma huko kuna waya wa bluu umezungushwa kwenye wenzie, haujaunganishwa popote, umekaa tu miaka yote. Nikashuka besimenti, nikafungua mfuniko wa hita, upande wa pili wa waya huohuo nao umekunjwa hivyohivyo. Nikauchomeka kwenye C kwenye ile bodi, juu nikauchomeka kwenye C. Nikawasha breka. Kimya. Skrini nyeusi, hita haiungurumi, nje 15 chini ya sifuri na ndani kuna kichanga. Aisee nilitoka jasho. Nikapiga simu kwa fundi, kabla hata hajasema bei ya kuja usiku kaniuliza, mfuniko wa hita umeukaza? Kumbe nyuma ya mfuniko kuna kiswichi kidogo, usipokaa sawasawa hita nzima haipati umeme, ni usalama wako. Nikausukuma na goti, ka! ikawaka. Fundi kacheka, hajanitoza kitu.

Tangu siku ile haijakatika hata mara moja. Nashusha mpaka 62 watu wakitoka, narudisha 69 wakiwa ndani. Bili imepungua, ila siwezi kuapa ni yenyewe maana na mwezi uliofuata haukuwa na baridi kihivyo. Kifaa nakipa nyota nne kwa tano. Kama unataka kununua, kabla ya yote angalia kama una waya wa C au wa akiba nyuma ya ukuta, na uliza vijana wako wamefanya nini kwenye ruta.

Halafu kuna kitu sikukitegemea, unaweza kuifunga isipande zaidi ya kiwango fulani, nikaweka mwisho 72. Juzi nimekaa sebuleni namuona mama anazungusha, anazungusha, inagoma. Kanigeukia kwa huruma kabisa: "Baba, hapa wamekupiga. Kile cha zamani kilikuwa kinafika 80."

Nikamwambia ni kweli mama, vitu vya siku hizi.